Kalamu ya Wino kwa Anayeanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Nibu, Wino na Karatasi

Nianzie wapi: kwenye kalamu, wino au karatasi?

Anzia kwenye karatasi, tena ile unayoiandikia kila siku. Kalamu na wino utavibadilisha ukitaka, lakini daftari la ofisini au kaunta buku la darasani mara nyingi ndilo ulilopewa, au ndilo lililopo dukani. Karatasi ikiwa ya kunyonya, nibu (ile ncha ya kalamu inayoandika) ikiwa nene yenye wino mwepesi itakuandikia herufi zenye mizizi pembeni na madoa upande wa nyuma, hata kalamu iwe ya bei gani. Anayeanza hulaumu kalamu kuwa "inavuja" au "inatema wino mwingi", kumbe anaona tabia ya karatasi. Ukishaijua karatasi yako, unene wa nibu na aina ya wino vitafuata vyenyewe.

Inatofautianaje na bolpeni?

Bolpeni, ile wengine wanaiita biki au biro, ina wino mzito wa mafuta na kigololo ambacho lazima kikandamizwe ndipo kizunguke. Kalamu ya wino ina wino wa maji, na wino huo husafiri wenyewe kupitia njia nyembamba kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Nibu ikigusa tu karatasi, nyuzi za karatasi huuvuta wino.

Chini ya nibu kuna kipande cha plastiki, mara nyingi cheusi, ambacho hapa tunakiita ulimi. Ndicho moyo wa kalamu. Kina mfereji mwembamba wa kushusha wino, njia ya kupandisha hewa, na vijipango vya kushikilia wino unaozidi. Ukiinamisha chupa ya maji yenye tundu moja dogo, maji hayatoki mpaka hewa iingie; na kwenye kalamu, wino hautoki kama hewa haiingii kujaza nafasi yake. Ulimi hufanya mambo hayo mawili kwa pamoja. Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya ulimi wa namna hii mwaka 1884, na kalamu za leo bado zinafuata kanuni hiyo.

Nishike vipi? Nibu inakwaruza karatasi.

Upande wenye maandishi na ufa, ule mpasuko unaoigawa nibu kuwa meno mawili, uangalie juu. Laza kalamu ikae kati ya nyuzi 40 na 55 na karatasi, na meno yote mawili ya nibu yaguse kwa usawa. Usikandamize. Uzito wa kalamu yenyewe unatosha.

Aliyezoea bolpeni hufanya makosa mawili. La kwanza ni kusimamisha kalamu wima, ncha ikachimba karatasi. La pili ni kuizungusha kidogo kwa vidole, jino moja likainuka. Hapo wino hukatika na jino lililobaki hukwaruza. Kabla ya kusema nibu ni mbovu, andika mistari kumi ya namba 8 ndefu zilizoungana, polepole, huku ukizungusha kalamu kidogo kulia kisha kushoto. Utapata mahali inapoteleza, na hapo ndipo pa kuishika.

Ninunue kalamu ipi ya kwanza?

Kwa mtu atakayeandikia karatasi za kawaida, chaguo letu ni Platinum Preppy ya 0.3 au Pilot Kakuno yenye nibu ya F, yaani nyembamba. Zote ni za Kijapani, nyepesi na za bei ndogo.

Preppy ni ya plastiki inayoonyesha ndani, na namba iliyoandikwa juu yake ni unene wa mstari kwa milimita: 0.2, 0.3 au 0.5. Ndani ya kifuniko kuna kikombe chenye springi kinachobana nibu isipate hewa, kwa hiyo ukiiacha wiki kadhaa bado itaandika ukiifungua. Hilo ni jambo kubwa kwa mwenye kukaa chini ya feni siku nzima. Udhaifu wake uko kwenye plastiki, ambayo hupata nyufa mdomoni ukibana kwa nguvu. Kaza mpaka ishike, basi.

Kakuno ilibuniwa kwa ajili ya watoto. Mshiko wake wa pembe tatu zilizolainishwa unaelekeza vidole, na nibu ina kiuso kinachotabasamu. Ukiona uso unakutazama, umeshika sawa. Nibu hiyohiyo imo kwenye Pilot Metropolitan, kalamu ya shaba yenye uzito zaidi. Angalizo moja: Metropolitan hutumia katriji (vichupa vya wino) za Pilot pekee, lakini pacha wake anayeuzwa Ulaya kwa jina la MR hutumia katriji za kimataifa, yaani za kipimo kinachotumiwa na kampuni nyingi. Tazama kisanduku kabla ya kununua wino.

Lamy Safari ya Ujerumani imekuwa sokoni tangu mwaka 1980, na sifa yake kubwa ni nibu inayovuliwa na kubadilishwa kwa sekunde chache. Bandika kipande cha selotepu juu ya nibu, vuta mbele kwa mkono ulionyooka, kisha sukuma mpya mahali pake. Ukiharibu nibu, hujapoteza kalamu. Mshiko wake una pembe kali. Asiyeshika kalamu kwa vidole vitatu huuchukia, na hakuna dawa ila kununua nyingine.

Jinhao za China ni rahisi sana na nyingine zinaandika vizuri ajabu, lakini mbili za toleo moja zinaweza kutofautiana kabisa. Zinafaa kwa aliye tayari kuisafisha na kuirekebisha nibu mwenyewe. Jihadhari na zile nzito za chuma zenye nibu ya M (ya kati) kama kalamu ya kwanza: vidole vitachoka, na mstari wake ni mpana kwa daftari la kawaida.

Herufi EF, F, M na B zina maana gani?

Ni unene wa ncha: nyembamba sana, nyembamba, ya kati na nene. Hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. Kwa jumla F ya Japani inaandika kama EF ya Ulaya, na M ya Japani kama F ya Ulaya. Mtu akizoea F ya Pilot kisha akanunua F ya Lamy, atadhani ameuziwa M.

Kwa daftari lenye mistari ya milimita 7 au 8, F ya Japani inatosha na inaacha nafasi kati ya herufi. B na nibu bapa zinazoitwa stub zinapendeza kwa saini na kadi za mwaliko, ila zinatoa wino mwingi na zinadai karatasi nzuri.

Nibu ya dhahabu ni bora?

Kwa anayeanza, hapana. Dhahabu haili kutu na hunepa kidogo, lakini sehemu inayogusa karatasi si dhahabu wala chuma cha pua. Ni kitone cha aloi ngumu kilichochomelewa nchani na kukatwa katikati. Ulaini wa kuandika unatokana na namna kitone hicho kilivyosuguliwa. Nibu ya chuma cha pua iliyosuguliwa vizuri hushinda ya dhahabu iliyosuguliwa ovyo. Nayo maandishi "Iridium Point Germany" kwenye nibu ya bei rahisi yasikupumbaze, kwani hayathibitishi imetengenezwa wapi.

Katriji, konveta, pistoni: nichague kipi?

Katriji ni kichupa kilichojazwa kiwandani. Unakisukuma mpaka usikie kinapasuka, unaacha kalamu imesimama nibu ikiwa chini kwa dakika kadhaa, kisha unaandika. Fupi ya kimataifa hubeba karibu ml 0.75, ndefu karibu ml 1.4.

Konveta ni pampu ndogo inayokaa mahali pa katriji na kufyonza wino wa chupa. Nyingi hubeba kati ya ml 0.5 na ml 1. Hapa ndipo unapookoa pesa: chupa ya ml 50 itaijaza konveta ya ml 0.7 kiasi cha mara 70. Kalamu za pistoni, kama TWSBI Eco ya Taiwan, zina pampu ndani ya mwili wenyewe na hubeba zaidi ya ml 1.5, ila haziwezi kutumia katriji kabisa.

Kinachowapotezea watu fedha ni vipimo. Pilot, Platinum, Sailor, Lamy na Parker kila mmoja ana katriji yake. Pelikan, Kaweco, Faber-Castell na Waterman hutumia ya kimataifa. Kalamu za China zina vipimo viwili vya mdomo wa konveta, mm 2.6 na mm 3.4, vinavyofanana kwa macho. Ukilazimisha kisicho chake, utavunja kichomeo cha ndani kinachotoboa katriji au kalamu itavuja shingoni. Kanuni rahisi: nunua kalamu na konveta yake siku moja, duka moja, na uzijaribu hapohapo.

Kama hakuna chupa ya wino mjini kwako ila katriji zipo, usitupe tupu. Ioshe, kisha ijaze kwa bomba la sindano. Inaweza kujazwa mara nyingi mpaka mdomo wake ulegee.

Naijazaje kwa chupa bila kuchafuka?

1. Tandika gazeti na uweke tishu karibu.
2. Konveta ikiwa imefungwa kwenye kalamu, zungusha kitasa pistoni ishuke mpaka chini.
3. Zamisha nibu yote, pamoja na ukingo wa mshiko. Hapa ndipo wengi wanakosea: wakizamisha nusu ya nibu, konveta inafyonza hewa.
4. Zungusha kinyume pistoni ipande. Vipovu vikionekana, shusha na upandishe tena.
5. Toa kalamu, rudisha matone mawili au matatu chupani, kisha geuza nibu juu na umalizie kupandisha. Ulimi hubaki na nafasi ya hewa na hautadondosha.
6. Futa mshiko na nibu. Usisugue ufa kwa tishu. Nyuzi zake hunasa humo na baadaye mstari unakuwa na manyoya.

Nianze na wino gani?

Buluu ya kawaida ya maji kutoka kwa mtengenezaji wa kalamu. Pelikan 4001, Waterman na Parker Quink ni majina yanayopatikana kwa urahisi na hayajulikani kwa kuharibu kalamu. Yana tofauti moja inayokuhusu: 4001 ni wino "mkavu", yaani hushuka kwa kiasi, na Waterman ni "mbichi", hushuka kwa wingi. Karatasi yako ikiwa ya kunyonya, chukua mkavu. Kalamu yako ikiwa bahili, chukua mbichi. Kwa kubadilisha wino tu unaweza kuiponya kalamu uliyotaka kuitupa.

Rangi nzuri za Pilot Iroshizuku au Diamine ya Liverpool zije baadaye, na chupa ya Diamine ya ml 30 inatosha kuonja rangi. Wino wenye chembe zinazometameta uache kabisa mwaka wa kwanza, kwa kuwa chembe hizo hutuama kwenye ulimi.

Wino upi usiingie kamwe kwenye kalamu?

Wino mweusi wa wachoraji ulioandikwa "India Ink". Una gundi inayokauka kama vanishi, na ikikaukia kwenye ulimi, maji hayaiondoi. Wino wa mihuri pia, maana umetengenezwa usikauke upesi, ni mzito, na utakuachia maandishi yanayopaka mkono. Wino wa printa usitie. Wino wa kalamu za kuchovya ni hatari hivyohivyo, hata ukiuzwa kwenye chupa nzuri rafu ileile. Tafuta maneno yanayosema ni wa "fountain pen". Yasipokuwepo, rudisha chupa.

Nataka maandishi yasiyofutika kwa maji. Nifanyeje?

Wino wa kawaida huyeyuka ukilowa, kama maandishi ya kombe yanavyooshwa sahanini. Kwa mikataba, hundi na kumbukumbu za muda mrefu kuna njia mbili.

Moja ni wino wa chembe, kama Platinum Carbon Black. Rangi yake si ya kuyeyuka. Ni vumbi laini sana la kaboni linaloelea majini na kubaki kati ya nyuzi za karatasi. Maji hayalihamishi, na jua halilififishi. Ila likikaukia ndani ya kalamu ni kazi, basi liweke tu kwenye kalamu unayoitumia kila siku, na ioshe kila baada ya wiki tatu au nne.

Ya pili ni wino wa chuma na tanini, wa zamani kuliko kalamu zote hizi. Huandika hafifu kisha hukolea kadiri chuma kinavyokutana na hewa, na hujifunga kwenye karatasi. Salix na Scabiosa za Rohrer & Klingner ni za aina hii, katika mchanganyiko uliopunguzwa makali ili ufae kalamu. Tunaupenda kwa sababu nyingine pia: ndio wino unaotulia kuliko wote kwenye karatasi duni. Mwenye kulazimika kuandikia daftari jepesi la shule ajaribu Salix na nibu ya F kabla ya kukata tamaa. Una asidi, kwa hiyo usiuache ukae miezi, na usafishaji wake ni uleule wa wiki tatu au nne.

Fomu za nakala zenye kaboni hazifai kwa kalamu ya wino hata kidogo, zinahitaji mkandamizo. Beba bolpeni kwa ajili ya risiti.

Naweza kuchanganya wino wa aina mbili?

Usichanganye ndani ya kalamu. Wino wenye asidi ukikutana na usio na asidi, rangi huweza kuganda na kuwa tope. Kabla ya kubadili, osha mpaka maji yatoke meupe. Anayetaka kujaribu rangi achanganye kwenye kichupa cha kioo, aache siku moja au mbili, na atazame kama kuna mchanga chini.

Nitajuaje karatasi nzuri dukani?

Uzito peke yake hausemi yote. Gramu 80 kwa mita ya mraba, ile ya rimu za fotokopi, inaweza kuwa nzuri au mbaya. Tomoe River ya Japani ni ya gramu 52 tu, nyepesi kuliko daftari nyingi za shule, lakini wino hausambai juu yake. Rhodia ni gramu 80 na Clairefontaine ni gramu 90, na zote mbili zinasifiwa kwa haki.

Kinacholeta tofauti ni dawa ya kuzuia kunyonya. Karatasi ikiachwa ilivyo ni mkeka wa nyuzi, na wino ukitua hukimbia kufuata nyuzi. Kiwandani hutiwa wanga au dawa nyingine ili wino ubaki juu na ukauke pale ulipowekwa. Dawa ikiwa chache, au karatasi ikiwa imetengenezwa kwa mabaki, utaona makosa matatu ambayo inafaa kuyatofautisha. Wino *unatambaa* ukingo wa herufi unapopata mizizi. Wino *unapenya* madoa yanapotokea nyuma ya ukurasa. Na kuna *kivuli*, pale unapoona maandishi kwa nyuma bila wino kupenya. Hicho ni wembamba wa karatasi tu, wala hakiharibu kitu.

Nenda na kalamu yako dukani na uombe kujaribu kwenye karatasi moja au ukurasa wa mwisho wa daftari. Andika mstari mmoja kwa kasi yako ya kawaida. Chora misalaba mitano midogo, kwa sababu mahali mistari inapokatana wino huwa mwingi. Weka nibu na uihesabie tatu bila kuisogeza. Subiri dakika moja, kisha geuza. Kitone cha kuhesabia kikipenya peke yake, karatasi inafaa. Misalaba ikipenya, tumia upande mmoja tu. Mstari wenyewe ukipenya, acha.

Jaribu pande zote mbili, maana karatasi nyingi za fotokopi zina upande ulio laini kuliko mwingine. Na usiamini jalada: daftari moja na jingine la chapa ileile, shehena tofauti, huweza kuwa na karatasi tofauti. Ukipata kaunta buku linalofaa, rudi siku hiyohiyo ununue mengine matatu.

Karatasi inayozuia kunyonya ina gharama yake. Wino hukaa juu na kukauka polepole. Kwenye Tomoe River yaweza kufika nusu dakika na zaidi. Weka karatasi kikausho kati ya kurasa.

Kwa nini kalamu inakata nikifika chini ya ukurasa?

Jasho na mafuta ya mkono. Kiganja kimepita hapo wakati ukiandika juu, na sehemu yenye mafuta haipokei wino wa maji. Kwa mwandikaji wa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari hili ni la kila siku. Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja na kishuke pamoja na mkono.

Mimi ni wa mashoto. Itanifaa?

Ndiyo. Kama mkono wako unapita chini ya mstari, huhitaji kitu maalumu. Kama unaukunja juu ya mstari, utafuta ulichoandika, basi chagua nibu ya EF au F, wino mkavu, na karatasi inayonyonya kiasi. Hapa karatasi "mbaya" inakuwa rafiki. Nibu bapa ziepuke mpaka uzoee.

Anayeandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, hali yake ni kinyume: mkono wa kulia ndio unaofuata wino mbichi, na wa mashoto yuko salama. Ushauri ni uleule.

Kalamu mpya haiandiki, au inakata kata.

Fuata mpangilio huu, kutoka jambo rahisi.

Kwanza ioshe. Mafuta ya mashine za kiwandani hubaki kwenye ulimi na kuufukuza wino. Tone moja la sabuni ya maji ya vyombo kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, fyonza na kusukuma mara kumi, kisha suuza kwa maji matupu mpaka povu liishe.

Pili, tazama konveta. Mara nyingine wino unang'ang'ania juu na hewa iko chini, upande wa nibu. Gonga kalamu kwa kidole, au zungusha kitasa kidogo mpaka tone lionekane kwenye nibu.

Tatu, itazame nibu kwa lenzi ya mara 10, ncha ikikuelekea. Meno mawili yawe sawa kimo. Jino moja likiwa chini, lisukume taratibu juu kwa ukucha, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Ukwaruzaji mwingi huishia hapa.

Nne, ufa. Ushikilie kwenye mwanga: mwanga uonekane mwembamba kutoka kwenye tundu la katikati ya nibu na kufifia kuelekea ncha. Usipoonekana kabisa, meno yamebanana, na kipande chembamba cha shaba kikipitishwa mara chache kati yake kitayaachanisha. Usitumie wembe, unakata.

Ikiwa kila herufi ya kwanza inakataa lakini ukishaanza inaenda, na meno yako sawa, basi kitone kimesuguliwa kupita kiasi na kingo za ndani za ufa zimeviringika, wino haufiki karatasini. Hiyo ni kasoro ya kiwanda. Irudishe, au badili nibu. Usiisugue kwa msasa wa fundi seremala. Utamaliza kitone na hakirudi.

Niisafishe mara ngapi, na kwa nini?

Kwa wino wa kawaida, kila unapobadili rangi, au mwezi mmoja hadi miwili. Maji baridi au ya uvuguvugu. Ya moto hupinda ulimi na mshiko. Spiriti haifai, kwa kuwa hupasua na kutia ukungu aina kadhaa za plastiki. Kalamu iliyokaukiwa iloweke mshiko na nibu usiku kucha, ubadilishe maji asubuhi, na urudie hata siku tatu. Kisha isimamishe nibu chini juu ya tishu iliyokunjwa, inyonywe maji mpaka tishu ibaki kavu. Ukijaza ingali na maji, wino utapauka na utadhani umeuziwa feki.

Kwa nini ilivuja niliposafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi?

Kwa sababu ya mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na shinikizo la hewa huko ni dogo. Hewa iliyofungwa ndani ya kalamu ukiwa pwani hupanuka kwa zaidi kidogo ya moja ya tano, na ikipanuka inasukuma wino. Konveta yenye ml 0.4 za hewa itasukuma chini ya ml 0.1, kama matone mawili, na ulimi unaweza kuyameza. Kalamu ya kujazwa mwili mzima ikiwa na ml 2 za hewa itasukuma ml 0.4 na zaidi, na hiyo itaishia kwenye kifuniko au kwenye shati.

Kwa hiyo safiri na kalamu iliyojaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikiangalia juu, ndani ya mfuko wa plastiki. Kwenye ndege ni hivyohivyo. Usiifungue wakati inapaa. Na popote uendapo, usiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Joto hufanya kazi ileile ya mwinuko, tena kwa haraka.

Wino umemwagikia kanzu.

Maji baridi mara moja, kwa wingi, kutoka upande wa nyuma wa kitambaa ili wino urudi ulikotoka. Gandamiza kwa kitambaa kikavu, usisugue. Kisha sabuni. Buluu inayofulika, kama ya 4001, kwa kawaida hutoka hapo. Likibaki doa kwenye pamba nyeupe, jiki iliyozimuliwa huondoa rangi nyingi, isipokuwa wino wa chuma. Huo usiutilie jiki. Itaua rangi na kuacha doa la kutu. Ukamulie ndimu, uache dakika chache, suuza na urudie. Wino wa kaboni ukishakauka kwenye kitambaa, umekaa.

Chupa ina harufu na kuna utando juu ya wino.

Ni kuvu. Tupa wino wote, wala usiuchuje. Kila kalamu iliyonywea humo ioshwe kwa maji ya sabuni na suuza nyingi. Kuvu huletwa na nibu chafu na vumbi la tishu, na hewa ya joto na unyevu ya pwani huilea. Hamishia wino wa kutumia kwenye kichupa kidogo kwa bomba safi la sindano, na chupa kubwa ifungwe ikae kabatini, gizani.

Naweza kumwazima mtu kalamu yangu?

Unaweza, kama anajua kuishika. Nibu haibadiliki umbo kwa sababu ya mwandiko wa mtu mwingine aliyeandika ukurasa mmoja. Hatari iko kwa anayekandamiza kama yuko na bolpeni: meno hupanuka, ufa huachama, na kuanzia hapo kalamu inatoa mstari mnene au haitoi kabisa, kwani wino hauwezi kuvuka ufa mpana kufika nchani. Nibu ya Safari utabadilisha. Ya Kakuno pia huvutwa ikatoka pamoja na ulimi wake. Kwenye foleni ya benki, mpe bolpeni uliyobeba kwa ajili ya risiti.